Kilemba cha Mwalimu wa Tatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyeitwa Singano. Haikuwa zamani ya majini wala ya wafalme. Ilikuwa zamani ya chaki, ubao na madaftari, katika shule ya Kwemsala, kule milimani ambako mvua ikianza husahau kuacha.

Kwao Singano maana yake ni sindano, lakini sindano hii haikuwahi kumchoma mtu. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo na kalamu nyekundu mfukoni. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alikuwa mwoga. Si mwoga wa nyoka wala wa chui. Alikuwa mwoga wa kusema. Jambo likitaka kusemwa, Singano alifungua kinywa, akakifunga, akaenda zake. Wangapi hapa wako hivyo? Msinyooshe mikono, nawajua.

Katika darasa lake la tano walikuwamo wanafunzi sabini na mmoja, na wa sabini na mmoja alikuwa msichana aitwaye Tatu. Kila jaribio, wa mwisho ni Tatu. Jina lake lilikuwa hesabu, lakini hesabu zenyewe hazikumjua. Wenzake walimtania, "Tatu jumlisha tatu ni ngapi?" Naye alicheka nao, halafu akaenda kulia nyuma ya jiko la shule.

Sasa sikilizeni jinsi kosa lilivyozaliwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, alasiri, saumu imemshika Singano barabara, na mezani kuna madaftari sabini na moja. Mnajua walimu wanavyosahihisha? Madaftari yote hufunguliwa kwenye ukurasa wa zoezi, yakapangwa moja juu ya jingine, ili mkono usipoteze muda. Kalamu inashuka: vema, vema, kosa, vema. Likiisha linavutwa, la chini yake linajitokeza. Singano alipofika daftari la hamsini na kitu, macho yalikuwa yanajifumba. Mkono ukaendelea wenyewe. Vema, vema, vema, hadi zote kumi. Akaandika kumi kwa kumi, chini yake akaandika "Vizuri sana", akavuta, akaendelea.

Daftari lile lilikuwa la Tatu. Katika hesabu kumi, Tatu alikuwa amepata tatu, na mbili kati ya hizo alizitazamia kwa jirani.

Asubuhi madaftari yakagawiwa. Tatu akafungua lake. Akalifunga. Akalifungua tena. Kisha akapiga yowe moja, darasa zima likaruka. Akakimbia nalo hadi mbele, "Mwalimu, ona! Mwalimu, mimi!" Mwalimu akaona. Akaona namba saba: kumi na mbili gawanya kwa thelathini. Jibu lake ni sifuri nukta nne. Tatu alikuwa ameandika nne, nne tupu, bila nukta wala sifuri, na juu yake imekaa vema kubwa nyekundu, mali ya Singano mwenyewe.

Akafungua kinywa. Akautazama uso wa yule mtoto. Akakifunga.

Siku ile ile baba yake Tatu, mkulima wa kabichi, alilichukua daftari akaenda nalo msikitini, na baada ya sala akawaonyesha watu ukurasa. Nani tena angeweza kuurudisha ukurasa ule?

Tangu hapo Tatu akahamia dawati la mbele. Akawa ananyoosha mkono. Akikosa, ananyoosha tena. Wa sabini na moja akawa wa sitini, akawa wa arobaini, na mwaka ulipokwisha alikuwa wa ishirini na tisa. Walimu wakamuuliza Singano, "Yule mtoto umempa dawa gani?" Singano akacheka, akanywa chai ili kinywa kiwe na kazi. Katika mkoba wake ilikuwamo barua ya kuacha ualimu. Alikuwa amechoka, kaka yake alikuwa na duka la misumari na mabati, na alikuwa amekwisha kuahidi kwenda kumsaidia. Barua ile akaichana. Alijiambia kwamba kama mtoto anaweza kukua namna ile mbele ya macho yake, basi hana kazi nyingine duniani. Alifurahi kweli, jamani. Lakini furaha yenyewe ilikuwa na hofu ndani yake, na kila alipomwona Tatu akikimbia uwanjani aligeuzia uso pembeni.

Darasa la sita alilifundisha Mwalimu Nakunda, mama wa Kipare, mrefu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Tatu akamletea lile daftari kwa majivuno, limefunikwa kwa karatasi ya kalenda. Nakunda akalisoma. Saa ya chai akaliweka mbele ya Singano.

"Mwalimu, namba saba hii ni sahihi?"

"Mwalimu Nakunda, ilikuwa Ramadhani, unajua saumu…"

"Sijauliza mwezi. Nimeuliza namba saba."

"Si sahihi."

"Na ya nane? Na ya tisa?"

Singano akalifunga daftari.

"Mtoto umwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Singano akafungua kinywa, akakifunga.

"Basi nisikilize," Nakunda akasema. "Umempa mtoto nyumba isiyo na msingi. Mimi nitachimba msingi chini yake, naye akiwa ndani amelala, na jembe asilisikie."

Na kweli akachimba. Kila siku saa ya chakula, wenzao wakila makande, Nakunda na Tatu walichuchumaa kivulini nyuma ya stoo na rundo la kokoto. Kokoto zikawa mamoja na makumi, na punje ya haragwe ikawa nukta. "Nukta ni mlango," Nakunda alimwambia. "Usipouona, utamwacha mtu mdogo apite kama mtu mkubwa." Mwaka mzima, mvua na jua, kokoto na haragwe. Lakini habari ya zile vema za uongo hakumwambia, maana alimpenda, na kila mara alisema atamwambia kesho.

Mwaka uliofuata Singano akapata uhamisho, akaenda shule ya mbali, upande wa pili wa wilaya. Aliondoka haraka, akidhani hofu ataiacha Kwemsala. Kumbe ilipanda naye. Akasikia, "Tatu amefaulu la saba." Akafurahi, kisha akaogopa. Akasikia, "Tatu amemaliza sekondari." Akafurahi, kisha akaogopa. Akasikia, "Tatu amechaguliwa chuo cha utabibu, atapima dawa za watu." Hapo hakufurahi hata kidogo. Alikaa kitandani hadi usiku wa manane. Alikuwa anaiona ile nne. Alikuwa anajiuliza ni nani atakayekufa, na lini, na kama watu watajua kwamba aliyeua ni yeye na kalamu yake.

Miaka ikapita. Singano akastaafu, akarudi Kwemsala kwa binti yake Mwanamvua. Mwanamvua alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka minne, Riziki. Aliwahi kuzaa wawili kabla yake, wakafa wote. Kwa hiyo mkielewa mtoto yule alikuwa nini nyumbani mle, nitaendelea.

Mwezi wa nne, masika yamekolea, mlima ukaporomoka ukaikata barabara ya kwenda hospitali ya wilaya. Siku ya pili yake Riziki akaamka na homa. Saa nne asubuhi macho yakageuka, mwili ukakakamaa, degedege ikamshika. Mwanamvua akambeba, Singano nyuma yake na mwavuli, wakateremka matopeni hadi zahanati.

Mlangoni akatokea tabibu mwenye koti jeupe. Akamtazama mzee, uso ukamng'aa.

"Shikamoo, mwalimu wangu!"

"Marahaba, mwanangu," Singano akaitikia, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. Tabibu alikuwa Tatu.

Tatu hakupoteza muda. Akamlaza mtoto, akamtoboa kidole, akamtundikia dripu. Akampima: kilo kumi na mbili. Muuguzi wa zahanati alikuwa ng'ambo ya mto kwa mama mwenye uchungu, kwa hiyo tabibu alikuwa peke yake.

"Dada Mwanamvua," akasema, "malaria imempanda kichwani. Dawa ninayo, lakini ni kali. Anatakiwa apate miligramu kumi kwa kila kilo. Ikipungua, homa itamshinda. Ikizidi, moyo utasimama. Mshike miguu, mimi napiga hesabu."

Mimi napiga hesabu! Singano aliyasikia maneno yale, jasho likamtoka mwili mzima, na nje kulikuwa baridi ya mvua. Alikuwa amekaa benchi la mbele ya meza ya tabibu. Sasa jambo moja kuhusu walimu: kwa kupita miaka yote kati ya madawati, hujifunza kusoma karatasi juu chini. Hawataki, lakini jicho husoma lenyewe. Tatu akachukua kipande cha karatasi, akaandika. Miligramu mia moja na ishirini. Mililita moja ya dawa ina miligramu mia tatu. Mia moja na ishirini gawanya kwa mia tatu.

Kichwani mwa Singano jibu likaja mara moja: sifuri nukta nne.

Tatu akaandika: nne.

Ile ile. Nne tupu, bila nukta wala sifuri.

Tatu akachukua kichupa cha dawa, akakivunja shingo, akavuta chote kwenye bomba la sindano, mililita mbili. Akachukua kichupa cha pili, akakivunja. Vichupa viwili vizima, kwa mtoto wa kilo kumi na mbili!

Singano akafungua kinywa.

Mnajua nini kilipita kichwani mwake? Siwafichi. Alifikiri: nikisema, Mwanamvua atauliza nimejuaje. Alifikiri: huyu ni tabibu, mimi ni mzee wa chaki, huenda dawa zina hesabu zake. Alifikiri: nitamvunja mtoto wa watu mbele ya mgonjwa. Yote hayo ni mawazo ya mtu mwenye akili. Lakini chini yake lilikuwako lile daftari, na alijua akisema neno moja, daftari lote litafunguka. Ikapita pumzi ya kwanza. Bomba likajaa. Ikapita pumzi ya pili. Tatu akageuka kwenye dripu, akashika mrija. Riziki alikuwa amelala, mdomo wazi, meno madogo yanaonekana. Ikapita pumzi ya tatu.

Singano akakifunga kinywa.

Mkono wa Tatu ukasimama.

"Hapana," Tatu akajisemea. "Bado sijarudi nyuma."

Akaliweka bomba kwenye sinia. Akageuza karatasi upande wa pili, akaanza kutoka mwisho. Nne mara mia tatu, elfu moja na mia mbili. Elfu moja na mia mbili gawanya kwa kilo kumi na mbili, mia moja. Akaitazama. Mia moja kwa kila kilo, mahali pa kumi! Rangi ikamtoka usoni. Akamwaga vidonge vyeupe mezani, akavipanga mafungu kama kokoto, akaweka kidonge kimoja kidogo cha rangi katikati. "Mlango," akanong'ona. Akaandika sifuri, akaandika nukta, akaandika nne. Hakuridhika. Akachukua karatasi mpya, akaanza hesabu upya kana kwamba hajawahi kuiona. Sifuri nukta nne. Ndipo akaimwaga dawa yote ya kwanza ndooni, akavuta nyingine, kidogo tu, imekaa chini kabisa ya bomba, akaitia kwenye dripu.

Mwanamvua aliyeshika miguu ya mwanawe hakuelewa kitu. Alidhani ndivyo matabibu wanavyofanya kazi. Singano alielewa. Alitoka nje akasimama mvuani, akashika nguzo ya baraza, akatapika.

Riziki akapona. Siku ya tatu aliomba uji, akaonja, akasema hauna sukari. Siku ile Tatu akamketisha Mwanamvua, akamwambia ukweli wote: kwamba aliandika kosa, kwamba alikuwa ameshaivuta dawa bombani, kwamba alisimama kwa sababu ya mazoea aliyofundishwa. Mwanamvua akakaa sakafuni. Aliponyanyuka alisema:

"Umeniambia mwenyewe, wala hukuulizwa. Sasa mimi nakuuliza. Ulipohitimu, ulimvisha mwalimu wako kilemba?"

"Hapana, dada. Baba alikuwa ameshafariki, hatukuwa na uwezo."

"Basi nitamvisha mimi. Mkono wako uliposimama, kuna mwalimu aliyeusimamisha."

Kwetu sisi mnaijua desturi. Mwanafunzi akihitimu, mwalimu hupewa kilemba, ndiyo shukrani yake na ndiyo heshima yake mbele za watu. Mwanamvua akanunua kitambaa cha kilemba, cheupe, kimetariziwa uzi wa manjano. Kimoja. Kilemba hakikatwi, ukikikata umepata matambara. Akatangaza kwamba Jumamosi, ofisini mwa shule, kilemba kitapewa mwalimu wa Tatu.

Jumamosi wakaja. Alikuja Nakunda, mvi tupu, macho yale yale. Alikuja Mzee Mhina, aliyekuwa mwalimu mkuu na mfundishaji wa darasa la saba, na fimbo yake ya kutembelea. Alikuja Singano, kwa sababu binti yake alimshika mkono akamleta. Tatu alikuwapo, Mwanamvua alikuwapo na Riziki mgongoni, na madirishani zilijaa shingo za majirani.

Mhina hakungoja kukaribishwa. "Imetangazwa kilemba ni cha mwalimu wa tatu," akasema. "La tano alifundisha Singano, la sita Nakunda, la saba mimi. Wa tatu ni nani? Nileteeni kilemba changu." Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, halafu akakaza uso.

"Sasa nasema kweli. Tatu alikuja darasani kwangu na daftari la darasa la tano, kalifunika kalenda. Nikalifungua. Nikaona kumi ya uongo. Nikamwita mbele ya darasa, nikachukua kalamu nyekundu, nikazikata zile vema saba za uongo moja moja, nikamwambia: kumi hii hukuipata. Alilia siku tatu, hakuja shule. Siku ya nne akaja, akaniuliza, 'Mwalimu, sasa nitajuaje kama vema ni vema?' Nikamwambia, geuza karatasi, rudi nyuma, kisha anza upya. Usiamini vema ya mtu yeyote, hata yangu. Mdogo wangu aliangukiwa na ukuta, kwa kuwa fundi alihesabu mifuko ya saruji mara moja tu akaridhika. Nilipomzika ndipo nikaomba kusomea ualimu. Mkono wa Tatu uliposimama siku ile, aliyeushika ni mimi."

Singano akageuka kumtazama Tatu. Kumbe Tatu alijua! Miaka yote ile aliyokuwa akiogopa, Tatu alikuwa anajua.

"Ulimvunja mbele ya wenzake," Nakunda akamwambia Mhina. "Alikaa siku tatu bila kula, mama yake ndiye aliyeniita. Na asingerudi je? Ungesema nini leo? Halafu hilo la kugeuza karatasi, mimi sikatai, ni zuri. Lakini karatasi ingemwambia nini? Ingemwambia umekosa, basi. Angegeuza na kugeuza mpaka jioni na mtoto anakufa. Lile jibu la kweli alilitoa wapi? Alilitoa kwenye kokoto zangu. Nilipokuwa msichana, saa ya hesabu mwalimu wetu alitupa wasichana mafagio tufagie uwanja. Niliapa nitarudi darasani kwa mlango wa mbele. Siku Tatu alipoiweka ile punje ya haragwe mahali pake bila kuambiwa, nilikwenda nyumbani nikaimba njia nzima. Hesabu iliyomponya Riziki niliifundisha mimi."

"Na ukamficha uongo mwaka mzima," Mhina akajibu.

"Nikamficha," Nakunda akasema. "Hilo nalikubali."

Mwanamvua akamgeukia baba yake. "Na wewe, baba?"

"Mimi sina la kudai," Singano akasema. "Mimi nilimpa kosa tu. Mpeni mmoja wa hawa, twende nyumbani." Alitaka sana kwenda nyumbani.

Hapo Tatu akasimama.

"Atasemewa na mimi. Wiki ile ya Ramadhani nilikuwa nimekwisha kumwambia mama kwamba naacha shule. Shangazi alikuwa amenipatia kazi za ndani mjini, nguo zangu zimefungwa, Jumapili nasafiri. Ijumaa nikapata kumi. Jumapili sikusafiri. Kama si ile kumi, Mwalimu Nakunda angechuchumaa na nani? Mwalimu Mhina angezikata vema za nani? Nilipojua ni ya uongo niliumia, ndiyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa dawati la mbele, na kurudi nyuma nikaona aibu. Mtu wa kwanza aliyeniandikia 'Vizuri sana' ni huyu. Koti hili jeupe lilianzia pale."

Watu wakaitikia madirishani. Hata Mhina akakubali kwa kichwa. Mwanamvua macho yalimjaa machozi ya fahari. Akakikunjua kilemba, akamwendea baba yake, akakinyanyua juu ya kichwa chake.

"Subiri, dada," Tatu akasema.

Mikono ya Mwanamvua ikasimama hewani.

"Mwalimu, naomba uniwie radhi. Kuna jambo halijaniacha nilale. Siku ile ulikaa mbele ya meza yangu, na mimi najua walimu mnasoma juu chini, ulitukamata wengi kwa namna hiyo. Ile nne uliiona?"

Singano akatazama juu, akaona kitambaa cheupe, na nyuma ya kitambaa uso wa binti yake, na nyuma ya bega la binti yake uso wa Riziki akinyonya kidole. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Angesema macho yamezeeka, wangeamini. Angesema sikuangalia, wangeamini, na kilemba kingemshukia kichwani, na Mwanamvua angemwita baba kama alivyomwita siku zote. Hofu aliyoisikia pale ilizidi ya zahanati, ilizidi ya miaka yote.

Akafungua kinywa. Hakukifunga.

"Niliiona."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoiandika. Nilikuona unavunja kichupa cha pili. Nilikuona unashika mrija."

"Na hukusema."

"Sikusema, mwanangu. Niliogopa. Pumzi tatu nzima niliogopa, na kama usingesimama mwenyewe, sijui kama ningesema."

Mikono ya Mwanamvua ilishuka taratibu, kitambaa kikaning'inia karibu na sakafu. Alirudi nyuma hatua moja, akamgeuza mwanawe kutoka mgongoni akamshika kifuani. Nakunda akatazama ukutani. Mhina akaegemea fimbo yake.

"Tatu," Mwanamvua akasema, "avishwe nani? Sema wewe. Au kivae mwenyewe."

"Mwanafunzi havai kilemba cha mwalimu, dada," Tatu akajibu. "Na mimi siwezi kuchagua. Nikimtoa mmoja wao, simwoni tena Riziki akiwa hai."

Basi nimefika hapo, na hapo ndipo penyewe. Mwanamvua yuko katikati ya ofisi, mtoto mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine. Kuna aliyemtoa Tatu nyuma ya jiko la shule kwa kosa la kalamu yake, halafu akanyamaza sindano ikielekea kwa mjukuu wake, halafu akasema kweli siku ambayo uongo ungemfaa kuliko siku zote. Kuna aliyemfundisha hesabu yenyewe, akamwacha na uongo kwa kumhurumia. Kuna aliyemfundisha kujishuku, akamliza mbele ya watoto sabini. Kitambaa ni kimoja na hakikatwi. Nitajieni jina moja, msinitajie mawili, na anayetaja aseme kwa sauti ili Mwanamvua amsikie. Je, nani alistahili?